King'ora Kilichofungiwa

Jumapili ya tarehe tatu mwezi wa nne ndiyo siku mambo yaliponiharibikia. Asubuhi hiyo binti yangu alikunywa chai akiwa amesimama, darubini shingoni, akanicheka kwa sababu alinikuta napiga pasi bendera.

"Baba, bendera nayo unaipiga pasi? Unakwenda kuoa?"

"Wameninyang'anya king'ora wamenipa kitambaa. Angalau kiwe safi."

"Bado hujawasamehe tu."

Niwasamehe kwa lipi? Kazi yangu pale kwenye hifadhi ya ndege ilikuwa moja: maji yakigeuka kuanza kujaa, nabonyeza king'ora, na kila aliyeko kwenye tope anarudi nchi kavu. Ufuko wetu ni bapa kama meza. Maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka huyaoni, na yakirudi hayaji kwa kishindo. Yanaingia kimyakimya kwenye vijito vilivyo nyuma yako, na unapogutuka umeshazungukwa. Miaka yote ya king'ora, hakuna mgeni aliyelowa kupita magoti.

Halafu wakubwa wakakaa kikao. Wakasema msimu huu, ndege wanaporudi kaskazini, king'ora kinawarusha, na wageni wanaokuja kuwatazama wanalalamika. Chumba cha king'ora kikatiwa kufuli jipya. Mimi nikapewa bendera nyekundu ya kupeperusha juu ya tuta. Hata filimbi za waongoza wageni, yeye binti yangu akiwamo, zikakusanywa zikafungiwa humo humo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye alikuwa upande wao.

"Baba, wale ndege wakitoka hapa wanaruka usiku na mchana bila kutua," aliniambia. "Kila wakishtuliwa wanachoma mafuta waliyoyatafuta kutwa nzima. Wewe mtu akikupokonya sahani kila ukishika tonge, utafika safari yako?"

"Na ukungu ukishuka, bendera nani ataiona?"

"Ukungu ukishuka tunarudi. Mimi mtoto?"

Mama yake alifia kwenye benchi la hospitali, tumeambiwa tusubiri, daktari yuko semina. Tangu hapo nyumba ilibaki na watu wawili, na sikutaka kugombana na huyo mmoja niliyebakiwa naye.

Basi, Jumapili hiyo akatoka na wageni wake, watu wazima wenye kofia pana na mikoba ya kamera, wakaelekea fungu la mchanga wanakopumzikia vipila, wale ndege wenye mdomo mrefu uliopinda. Nilikuwa nawaona vizuri kutoka kwenye tuta. Wamechuchumaa mstari mmoja, yeye anaelekeza kidole, halafu wote wanainua darubini kwa pamoja kama askari.

Ukungu ulikuja kutoka baharini bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeanza kupeperusha bendera, na kufumba na kufumbua sikuiona hata ncha yake. Chini ya tuta, kijito kilikuwa kinatiririka kuelekea bara. Maji yalikuwa yamegeuka.

Nikakimbilia chumba cha king'ora. Kufuli. Nikampigia simu msimamizi.

"Bosi, ufunguo! Ukungu umeshuka, maji yanajaa, na watu wako kwenye fungu!"

"Tulia, mzee wangu. Yuko nani nao?"

"Binti yangu!"

"Basi hapo hakuna neno. Yule anaijua njia hata umfunge macho."

"Bosi, nakuuliza ufunguo uko wapi!"

"Ufunguo ninao hapa, lakini amri ya king'ora haitoki kwangu, unajua. Ngoja niwaulize wakubwa. Nakupigia sasa hivi."

Sasa hivi. Nikaokota jiwe nikalipiga lile kufuli mpaka vidole vikachanika. Katika vitu vyote walivyowahi kununua pale kazini, kufuli ndilo walilochagua imara. Mama anayekata tiketi akaja mbio na sufuria kubwa ya mgahawani na mwiko wa chuma, akanitupia bila kusema kitu. Yeye alishika sinia. Tukapanda kwenye tuta, tukagonga.

Ndege wakainuka wote. Sikuwaona. Nilisikia mbawa tu, kama shuka refu linalochanwa, zikipita juu ya kichwa changu. Nikajua binti yangu amezisikia na amekasirika. Nikagonga zaidi.

"Mama! Njoo huku, mama! Huku!"

Ndivyo nilivyomwita tangu alipozaliwa, kwa kuwa alirithi jina la mama yangu.

Wakaanza kutokeza mmoja mmoja, tope mpaka kiunoni, wameshikana mikanda ya mikoba. Kila aliyepanda tuta nilimshika bega nikamtazama usoni, nikamwachia. Siye. Siye. Siye.

"Yuko wapi mwongozaji wenu?"

"Alitutanguliza," akasema mzee mmoja, meno yanagongana. "Alisema tufuate kelele, tusisimame. Kuna mwenzetu alizama miguu kule nyuma, akarudi kumchomoa."

Huyo mwenzao akatokea wa mwisho, mwanamke mnene asiye na viatu. Alikuwa peke yake. Akaanguka miguuni pangu.

"Alinisukuma kutoka chini, baba. Nikapanda. Nikageuka nimpe mkono, sikumwona. Nimeita, nimeita..." Akajifuta tope usoni, akasema, "Alikuwa ameniambia, huyo anayegonga sufuria ni baba yangu, ukifika mwambie asichoke."

Sikuchoka. Nilirudi nikagonga mpaka mwiko ukakatika mpini, nikagonga kwa jiwe, nikagonga kwa ngumi. Mama wa tiketi aliponishika mikono nilimsukuma. Ukungu ulipoinuka, bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye tuta, imetulia, inang'aa, na boti ya uokoaji ndiyo kwanza inawasha mashine. Wamemtafuta siku hiyo na siku zilizofuata. Hawajampata. Kila maji yakipwa natembea tope lote, nimeshalijua kama kiganja changu, na sijapata hata kiatu.

Simu aliyoniahidi msimamizi haikulia.

Baadaye wakatuita kikaoni. Mimi nikawekwa kiti cha mbele, nikafunguliwa soda, kana kwamba nimealikwa harusini. Meneja, mkubwa wa wale wakubwa, akasoma karatasi: hali ya hewa, tukio la kusikitisha, taratibu zilifuatwa. Akasema katazo la king'ora halikuwa la kufa na kupona. Lingeweza kuondolewa wakati wowote kwa simu moja tu.

Nikasimama. Mimi shule niliiacha mapema, maneno ya vikao siyajui. Nikamgeukia msimamizi.

"Uliniambia unawauliza wakubwa. Uliwauliza?"

Akamtazama meneja. Meneja akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Mzee wangu," akasema msimamizi, "hilo tutakujibu kwa maandishi."

Ndege wameshaondoka, tope limebaki tupu. Kufuli wameling'oa wenyewe, na siku hizi king'ora nabonyeza nitakavyo, hakuna wa kunikataza. Nikimaliza napita ofisini kwa msimamizi. Akiniona anajitia anaongea na simu. Namsubiri mlangoni mpaka aishushe, namuuliza lile lile.

Uliwauliza? Na kama uliwauliza, walikujibu nini?