Meza ya Kilomita ya Thelathini na Nne

Saa moja na nusu asubuhi fundi viatu alikuwa amekwisha kupanga vikombe mia mbili mezani, safu kumi za vikombe ishirini, kila kimoja kina maji nusu, maana mkimbiaji akipewa kikombe kilichojaa hujimwagia puani. Hilo alifundishwa na mkewe. Meza ilikuwa pale pale pa miaka yote, kilomita ya thelathini na nne, katikati ya mlima unaopanda kando ya ukuta wa kiwanda cha magodoro. Hapo ndipo miguu ya watu hugoma.

Mkewe ndiye aliyeanzisha mambo ya pale. Miaka tisa iliyopita aliona bwana mmoja mnene amesimama, ameshika ukuta kama mtu anayeomba radhi. Akaisoma namba kifuani mwake, akaiita kwa sauti yake yote. Yule bwana akainuka kutoka chini, kiasi cha shubiri moja, akapanda mlima huku miguu inakanyaga hewa. Alipofika juu penye tambarare akashuka taratibu, akasema asante mama, akaendelea na safari yake. Mwaka uliofuata watu waliojiandikisha waliongezeka mara mbili. Kamati ya mbio nayo ikaleta barua: mkimbiaji asiinuliwe zaidi ya sentimita kumi na tano, na namba isiitwe zaidi ya mara tatu. Tangu hapo kila mwaka huja bwana mmoja na rula ndefu, anainama barabarani kupima.

Sauti za watu hazilingani. Ya kinyozi wa jirani huinua upana wa kidole kimoja. Ya shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe, huinua vidole vitatu, akikasirika vinne. Ya fundi mwenyewe haikuwahi kuinua kitu ila visigino. Mkewe alikuwa akimtania: "Baba watoto, wewe ukimwita mtu anadhani kadondosha kitu."

Miaka miwili iliyopita, saa nne na dakika kumi, mkewe aliweka jagi chini, akasema kifua kinambana, akakaa juu ya kreti. Magari ya wagonjwa yalikuwapo matatu, mapya, yameoshwa. Yote matatu yaliegeshwa kwenye mstari wa kumalizia mbele ya hema la wageni, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa akikimbia kilomita tano na kamati ilitaka magari yaonekane pichani. Walipiga simu. Wakaambiwa magari yamezibwa na jukwaa, yatatoka hotuba ikiisha. Hotuba ilikuwa juu ya umuhimu wa afya. Wote waliokuwa pale mezani walimwita mama yule kwa jina lake, fundi akiwa wa kwanza. Akainuka kutoka kwenye kreti upana wa vidole vichache, akakaa hewani kidogo, akarudi chini.

Tangu siku hiyo fundi huandika barua moja kila mwaka. Aliishia darasa la nne na mwandiko wake unalala upande, lakini barua yenyewe ni fupi. Anaomba gari moja la wagonjwa likae kilomita ya thelathini na nne. Kamati humjibu kwa karatasi nzuri kuliko yake: ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Wakubwa wana kazi ngumu. Ombi la mstari mmoja wanalifanyia kazi miaka miwili na bado hawajalimaliza.

"Gari letu liko wapi, shemeji?" aliuliza mdogo wa marehemu, akifunga kanga kiunoni.

"Linafanyiwa kazi."

"Basi mwaka huu pia tusiumwe."

Wakimbiaji wa mbele walipita bila kutazama maji. Wale hawahitaji kuitwa. Kuanzia saa tatu wakaanza kuja watu wenyewe, makarani, wauza duka, na mzee mmoja aliyevaa suruali ya kulalia. Meza ikaita namba, wakainuka mmoja mmoja, bwana wa rula akapima na kuandika. Kumi na mbili. Tisa. Kumi na nne.

Saa nne kasoro dakika tano alikuja mwalimu wa kike, namba mia saba na nne. Alinyoosha mkono apokee kikombe, mkono ukapita pembeni, akaanguka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kinyozi alipiga simu, akasikiliza, akakata.

"Wanasema magari yako kwenye picha."

Fundi alivua kofia, akaiweka mezani. "Mwiteni."

Wakaita. Mwalimu akainuka amelala vile vile alivyoanguka, kama mtu aliye kitandani. Wakaita mara ya nne, ya tano. Watu wa ng'ambo ya barabara wakaidaka namba, wafanyakazi wa kiwanda wakaiita kutoka madirishani. Akafika usawa wa kiuno.

"Mzee, imezidi sentimita kumi na tano," alisema bwana wa rula.

"Andika!" alifoka shemeji.

Akaandika. Kisha naye akaita, kwa sauti ndogo, kwa kuwa alikuwa kazini.

Mwalimu akaanza kupanda mlima, hewani, kichwa mbele. Kinyozi alichukua baiskeli yake, fundi akapanda kwenye keria nyuma, wakamfuata wakiita. Kwenye meza ya kilomita ya thelathini na sita watu waliisikia namba kabla hawajamwona mwenyewe, wakaipokea, akapanda hadi usawa wa bega. Wa kilomita ya thelathini na nane nao hivyo hivyo. Wakimbiaji walisogea pembeni. Mmoja tu ndiye aliyelalamika: "Jamani, huyu ananipita amelala!"

Shida ilikuwa baada ya hapo. Kuna kipande kirefu chenye maghala upande huu na upande huu, hakuna nyumba, hakuna mtu. Kinyozi alikuwa hana pumzi ya kuita tena, yote imekwenda kwenye pedali. Mwalimu akaanza kushuka. Ilipobaki shubiri moja visigino vyake viguse lami, fundi aliita peke yake. Aliita namba, namba ikaisha nguvu, akaita mama, akaita mwalimu, akaita jina la mkewe, kisha akarudi kwenye namba. Sauti iliyokuwa ikiinua visigino ilimbeba mtu mzima mpaka mwisho wa maghala. Hapo umati wa mstari wa mwisho ukampokea.

Mwalimu alivuka mstari kwa muda wa saa nne na dakika mbili tangu mbio zianze saa kumi na mbili na nusu. Kipaza sauti kilimtangaza na akavishwa medali. Akatua taratibu kwenye machela, kando ya gari la kwanza. Dereva alimaliza soda yake, akafungua mlango. Daktari alisema angechelewa dakika kumi tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Fundi alitaka kusema kitu, akakuta sauti haipo. Haikurudi kesho yake wala keshokutwa. Alikunywa maji ya moto na tangawizi. Wateja wakimuuliza viatu vitakuwa tayari lini, anawaonyesha vidole.

Wiki iliyofuata kamati ilimwita ofisini, mwaliko wa mtu mmoja. Kulikuwa na viti vya kuzunguka, na ukutani picha kubwa ya mgeni rasmi akimaliza kilomita tano, nyuma yake magari matatu yanang'aa. Mwenyekiti alimpa fulana mpya na pakiti ya peremende za koo. Katibu akasoma uamuzi. Kwa kuwa mgonjwa wa kilomita ya thelathini na nne ameonyesha kwamba anaweza kufika kwenye gari, kamati haioni haja ya gari kwenda kilomita ya thelathini na nne. Kamati inajivunia sauti za wananchi wake. Ombi la fundi viatu, lililokuwa likifanyiwa kazi, sasa limekamilika.

Wakapiga makofi.

"Kuna swali?" aliuliza mwenyekiti.

Fundi alisimama, fulana mkononi. Akauliza: na siku akianguka yule mwenye sauti?

Ilitoka hewa tu.

"Ongeza sauti, mzee wangu," alisema katibu kwa upole, kalamu imekaa tayari. "Tunaandika kumbukumbu."

Akauliza tena. Midomo ilifanya kazi yake yote, neno kwa neno. Wajumbe walimtazama kwa heshima mpaka akamaliza. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akatazama saa. Katibu akaandika kwamba mwakilishi wa meza ya maji alisimama na kuishukuru kamati.