Picha Iliyokosekana kwenye Ubao wa Chifu

Msusi alimwita binti yake Chifu kwa sababu mtoto huyo, wa miaka saba, aliitawala nyumba nzima bila kutamka neno. Asubuhi hiyo walikuwa kwa mtaalamu wa mawasiliano. Mwalimu mkuu alishasema waziwazi: mtoto asiyeelewana na mtu, tena anayemwaga vikombe kila siku ya Mungu, hana nafasi darasani mpaka mtaalamu athibitishe vingine. Ikishindikana, Chifu angerudi kushinda chini ya meza ya saluni.

Msusi hakwenda mikono mitupu. Alikuwa ametengeneza ubao wa picha, kila picha kaibandika kwa gundi ya kope za bandia, maana ndiyo iliyokuwepo. Palikuwa na Asante, Naomba, Samahani, Maziwa, Choo, na katikati, kubwa kuliko zote, Nakupenda Mama. Hiyo ya katikati walikuwa wakiifanyia mazoezi kila jioni: msusi hukishika kidole cha mtoto, hukipeleka pale, kisha humbusu.

"Huyu ana adabu kutuzidi sote," alisema mtaalamu akizisoma picha za ubao, kijana wa miwani aliyechomekea shati upande mmoja tu. "Huwa anakunywa nini?"

"Maziwa. Anayapenda huyo! Ila mikono haishiki."

Akayatoa kwenye chupa, vuguvugu, akamimina kikombeni. Chifu akakitazama kikombe, akapitisha kidole kwenye picha zote, akarudia tena. Kisha akakisukuma. Maziwa yakaishia kwenye suruali ya mtaalamu.

"Si nimekwambia? Mikono!" Msusi aliruka na kitambaa. Moyoni alikuwa analia. Nafasi ya shule ilikuwa inaota mbawa mbele ya macho yake.

Mtaalamu wala hakujifuta. "Dada, picha ya Sitaki iko wapi?"

"Sitaki ya nini? Mtoto wa kunikatalia mimi?"

"Sasa akitaka kukataa, afanyeje?"

Msusi akaitazama ile suruali. Akakumbuka vikombe vyote alivyovifuta, na makelele yote aliyompigia mtoto wa watu. Aibu ikamshika.

Mtaalamu akachora mkono ulioinuliwa, akaubandika pembeni ya ubao. Akaugusa, akakiondoa kikombe, ili Chifu aone. Msusi akamimina tena. Chifu akagusa Sitaki. Hakumwaga hata tone.

Hapo madaraka yakamlevya. Mdoli? Sitaki. Mpira? Sitaki. Mtaalamu akajaribu kuimba, akakatizwa kabla ya kiitikio, na msusi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu anawasiliana, tena ana mdomo kweli," alisema mtaalamu. "Mkuu wenu nitaongea naye leo hii. Mwambie tu avae suruali nyeusi."

Msusi, furaha imempanda kichwani, akainama na kutoa shavu. "Na Mama je, Chifu?"

Kidole kikaenda Sitaki.

Ilimchoma. Mkono wake ukataka kukishika kile kidole na kukipeleka katikati, kama kila jioni. Akauzuia, akaufumbata mapajani.

Walipofika mlangoni Chifu akamvuta sketi. Akauinua ubao, akatafuta, na kidole chake, bila kushikwa na mtu, kikatua kwenye Choo.

"Twende, mama, twende!" msusi akasema, machozi yanamtoka na kicheko hakimwishi. Tangu amzae, leo ndiyo mara ya kwanza mwanawe kumwomba kitu.