Mafuta Yaliyokaa Dirishani

Mashine ilitoa jibu lile lile kwa mara ya tatu: asilimia nane nukta sita. Lebo kwenye chupa elfu mbili zilisema kumi.

Nilikuwa na miezi minne tu katika kiwanda cha Wubbo, nje kidogo ya mji wa Veendam, nikipima mafuta tunayotengeneza kwa bangi isiyolevya. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kanabinoidi, kiini ambacho watu hununulia mafuta hayo, haipungui kabla chupa haijamfikia mtu. Lori lilikuwa lije saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Nikateremka na karatasi mkononi. Jantien, mama anayeendesha mtambo wa kujazia chupa, akanitazama.

"Mwanangu, umeona jini?"

"Simamisha kwanza, Jantien."

"Nikisimamisha, Wubbo atanijaza mimi kwenye chupa." Lakini alibonyeza kitufe.

Nilichota mafuta kidogo kwenye bomba la kioo. Yalikuwa na wekundu hafifu, dalili kwamba hewa na mwanga vimeshayala.

"Haya yametoka tangi gani?"

Akaelekeza kidevu kwenye tangi la kioo, mbele ya dirisha kubwa la barabarani.

Hapo nikaelewa. Kwetu mtu akifunga pazia mchana, majirani hujiuliza anaficha nini, na sisi tayari tulikuwa tukiitwa watu wa bangi. Basi siku ya kukaribisha wanakijiji, wiki tatu nyuma, Wubbo alitoa sehemu ya mafuta kwenye tangi la chuma, lenye naitrojeni ya kuzuia hewa, akayaweka pale wayaone. Walichungulia, wakanywa kahawa, wakaenda zao wameridhika. Mafuta yakabaki kwenye jua la Juni.

Wubbo aliingia akipiga mluzi. Nikampa karatasi.

"Mashine yako imelewa."

"Nimepima mara tatu."

"Binti, hao wenye maduka nimewabembeleza miaka miwili. Wakikosa mzigo leo, wanahamia kwa Wajerumani. Nane, kumi, nani atajua? Ni matone."

"Kuna mama mmoja kutoka mji wa Assen hupiga simu kila mwezi kuuliza kama chupa mpya ni sawa na ile ya zamani." Nikaielekezea kidole ile karatasi. "Mimi ndiye ninayemjibu. Sitasaini kwamba ni kumi, Wubbo."

"Naweza kusaini mwenyewe."

"Unaweza."

Akachukua kalamu mezani. Jantien alikuwa akifuta mikono taratibu.

"Uliyaweka pale ili watu waone hatufichi kitu," alisema. "Sasa hii utaifichaje?"

Wubbo aligeuka akalitazama tangi la dirishani. Kisha akaiweka kalamu chini, akatoa simu.

"Wubbo hapa. Msilete lori." Akasikiliza. "Hapana, mashine ni nzima. Nimekosea mimi." Akasikiliza tena, muda mrefu, shingo ikiwa nyekundu.

Alipokata simu hakututazama.

"Wanataka vipimo vya mzigo mwingine Ijumaa. Hawajakubali, wamesema wataona tu. Tangi la chuma lina lita ngapi?"

"Thelathini na kitu."

"Basi unasubiri nini? Kapime."

Nilichota mafuta kwenye tangi la chuma, nikapanda ngazi mbili mbili kurudi kwenye mashine.