Bata wa Ukurasa wa Tisa

Saa mbili na robo asubuhi, kila siku ya shule, Bi Verlene Mosby alifungua kabati la chumba namba saba, akatoa penseli sita zilizochongwa, saa ya kuhesabia dakika, na kopo la kahawa lililojaa pipi za mnanaa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoto wa darasa la tatu kujiandaa kwa mtihani wa kusoma wa jimbo. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, na magoti yake yalijua hivyo, maana vile viti vya watoto havikutengenezwa kwa ajili ya mama mwenye mwili wake.

Shule yetu ya Alder Brake iko huku Delta ya Mississippi, kati ya shamba la pamba na kiwanda cha kambare kilichofungwa. Katika chumba cha walimu, ukuta mzima ulikuwa na kadi, kila mtoto na kadi yake. Kadi za kijani ni za waliokwisha kuvuka mstari wa kufaulu. Za njano ni za waliobakiza maswali mawili matatu. Na nyekundu ni wale ambao mwalimu mkuu, Dk. Sistrunk, alisema tuwaweke kwenye maombi.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya kile kimbunga kikubwa cha pwani. Jimbo lilikuwa limetuandikia barua: watoto sita zaidi wasipovuka mstari, shule inafungwa, na watoto wataamka gizani kupanda basi maili thelathini na nane. Hapo hapana mchezo. Basi Bi Verlene akakabidhiwa sita wa njano, majina yamechapwa kwa mashine. Wa nyekundu hakupewa hata mmoja.

Ladaria Toles, mwenye miaka minane, alikuwa nyekundu. Mwezi wa kumi, baada ya jaribio la kwanza, alianza kuzama kwenye sakafu ya chumba namba saba, chini ya dawati lake. Zilianza soli za viatu. Baada ya jaribio la pili vikazama vifundo vya miguu. Mwalimu wa darasa, Bi Pettway, alipoita majina aliandika "yupo", na kweli alikuwepo. Mpaka Krismasi kengele ikilia aliweza kujivuta akatoka, akaenda zake nyumbani. Baada ya Krismasi sakafu ilimfika kiunoni, haikuwezekana tena, na bibi yake, Mama Rosetta, akawa anamletea blanketi, mkate wa mahindi na nguo safi.

Hakuna aliyepiga kelele. Huku kwetu ilishatokea mtoto wa nyekundu kuzama kidogo, kisha huwa amehama. Ndivyo inavyoandikwa kwenye daftari, "amehama", na watu wana mambo yao.

Watoto wenzake nao walikuwa wamezoea.

"We Ladaria, ukifika China utusalimie!" alisema Marquis, mmoja wa wale sita wa njano, akipita na sinia lake la chakula.

"Nitawasalimu. Nitawaambia soksi yako ina tundu. Kutoka hapa naona yote."

Darasa likacheka, Marquis akaficha mguu. Bi Verlene naye alicheka, kisha akamtazama yule mtoto vizuri kwa mara ya kwanza, na roho ikamuuma. Kwa miezi mitatu alikuwa akimpita kama anavyopita ndoo ya kupigia deki.

Siku iliyofuata aliwapunguzia wale sita dakika kumi kila mmoja, akaketi sakafuni kando ya Ladaria na kitabu chembamba cha bata aliyekimbia mafuriko akawa anatafuta nyumba. Si kitabu cha mtihani. Alikitoa nyumbani, kilikuwa cha binti yake.

"Soma hapa, mwanangu."

"Ba-ta. Bata a-li... Bi Verlene, siwezi."

"Nani kakuambia huwezi?"

"Kadi."

"Kadi haina mdomo. Soma."

Walimaliza ukurasa wa kwanza siku hiyo, na sakafu ikamwachia Ladaria upana wa kidole. Bi Verlene alikiona kidole hicho waziwazi, mstari wa vumbi kwenye sketi. Ukurasa wa pili ukaleta kidole kingine. Wiki ya tatu sakafu ilikuwa magotini, na Ladaria alikuwa anasoma mwenyewe, kwa kidole na kwa sauti, akimkatiza Bi Verlene kila alipotaka kumsaidia. "Niache, niache, nalijua hilo!" Alikuwa na sauti kali ya kupenya. Siku waliyofika ukurasa wa tisa, bata alikuwa amefika kwenye nyumba asiyoijua, akabisha hodi. Ndani kukawa kimya.

"Ni mbweha," alisema Ladaria. "Naapa ni mbweha."

"Huenda ni mama yake."

"Funua basi tuone!"

Kengele ikalia. Bi Verlene akakunja pembe ya ukurasa.

Mchana huo Dk. Sistrunk alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Walikuwa wakiimba pamoja kwaya ya kanisani, na shule hii ndiyo iliyomfundisha kusoma. Mezani alikuwa na rula.

"Dada Verlene, nimempima Marquis."

"Ana nini?"

"Soli zimeingia. Nusu inchi. Na yule binti wa Coleman, robo." Akaiweka rula. "Unachota huku unamwagia kule, dada yangu. Huyo wa nyekundu ungempandisha mpaka wapi? Anahitaji mwaka mzima. Sisi tuna wiki tano."

"Anasoma, Mwalimu Mkuu. Njoo umsikilize."

"Nikimsikiliza nitalia, kisha nitafunga shule. Watoto mia mbili na kumi. Niambie wewe, nifanye nini?"

Bi Verlene aliinuka, akatoka. Alirudi chumba namba saba, akakiweka kitabu cha bata kabatini nyuma ya kopo la pipi, akawarudishia wale sita dakika zao. Marquis aliibuka siku ya pili. Ladaria siku ya kwanza alinyoosha mkono juu kabisa, akidhani hajaonekana. Siku ya nne aliacha.

"Kwa hiyo ni mbweha?" aliuliza mara moja, Bi Verlene alipoinama kuokota kifutio.

"Tutaona, mwanangu. Baada ya mtihani."

Jumapili ya kabla ya mtihani kanisa zima liliombea penseli, masanduku mawili, zimewekwa mbele ya madhabahu. Mama Rosetta alisimama na wengine. Jumatatu kuta za darasa zilifunikwa karatasi za kaki ili mtoto asipate neno la kuiba ukutani. Jumanne, saa tatu kamili, Bi Pettway aligawa vitabu vya mtihani ishirini na viwili, akavihesabu, Bi Verlene akavihesabu tena, wote wawili wakatia sahihi. Kila mtoto alipewa pipi moja ya mnanaa.

Ladaria alikuwa ameshazama tena, sasa hadi kwapani. Kitabu chake kiliwekwa sakafuni mbele yake, na yeye akaegemeza viwiko, akaanza. Kanuni zilisomwa kwa sauti: msimamizi hamgusi mtahiniwa, hagusi kitabu chake, hamweleweshi neno, haonyeshi kwa uso wala kwa ishara. Anaruhusiwa kusema, "Jitahidi kadiri uwezavyo."

Bi Verlene alipita kati ya madawati na saa yake mkononi. Kwenye kifungu cha kwanza sakafu ilifika mabegani mwa Ladaria. Kwenye cha pili ikafika kidevuni, na mtoto akainua uso kama mtu anayeogelea, akakivuta kitabu karibu. Alikuwa anasoma, midomo ilikuwa inacheza. Bi Verlene alisimama juu yake. Aliitia mikono yote miwili mifukoni.

"Jitahidi kadiri uwezavyo," alisema.

"Ndiyo, bibi," alisema Ladaria.

Kwenye kifungu cha tatu kichwa kiliingia, riboni ya manjano ikafuata. Ulibaki mkono wa kulia, unatia giza viduara vya majibu kimoja baada ya kingine bila kuruka mstari. Kisha mkono ukakishika kitabu, ukashuka nacho. Sakafu ikawa sakafu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nne, na darasa likaendelea na kazi.

Saa tano na nusu vitabu vilikusanywa. Vikahesabiwa ishirini na kimoja. Vikahesabiwa tena. Bi Pettway akaketi chini, na Dk. Sistrunk, aliyempima mtoto kwa rula bila kupepesa jicho, akaja mbio koridoni, tai imemwendea begani.

"Kitabu kimoja! Mnajua maana yake? Kikipotea kimoja, wanafuta matokeo ya shule nzima! Mwiteni Hosea! Haraka!"

Mzee Hosea, msimamizi wa majengo, alikuja na mtaimbo na nyundo. Alivunja vigae vinne, kisha ubao, kisha zege jembamba la chini. Chini yake kulikuwa na giza na hewa ya baridi yenye harufu ya vumbi la penseli.

"Ladaria!" aliita Dk. Sistrunk. "Lete kitabu, mwanangu!"

Mkono mdogo ukatoka, ukakitoa kitabu. Dk. Sistrunk alikipokea kwa mikono miwili, akapuliza vumbi, akafungua kurasa zote kuona kama zimetimia. Zilikuwa zimetimia, na viduara vyote vilikuwa vimejazwa. Akakitia kwenye mfuko wa plastiki kama inavyotakiwa kwa kitabu kilichochafuka, akajaza fomu, akaandika saa.

Bi Verlene alikuwa amepiga magoti kwenye tundu. Macho yake yalipozoea giza, aliwaona wamekaa kwa mistari, magoti pamoja, wengi kuliko alivyotegemea. Cordell, wa miaka minne iliyopita, aliyekuwa akijua majina ya ndege wote wa kinamasi. Wale mapacha wa Bi Ivory. Msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Majina yao yote yalikuwa kwenye daftari, na mbele ya kila jina pameandikwa kwamba amehama. Walimtazama bila kinyongo, wakingoja waambiwe wafungue ukurasa gani.

"Na mtoto je?" aliuliza Mzee Hosea. Mtaimbo ulikuwa bado mkononi.

Dk. Sistrunk alifuta jasho. "Kibali cha kuvunja ni cha kutafuta kitabu, Hosea. Cha zaidi ya hapo sina." Alisema hivyo akitazama karatasi za kaki ukutani. "Funika. Watoto wasije wakaumia."

Vigae vya rangi ile vilikuwa vimeagizwa na havifiki mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo Hosea aliweka ubao, na juu ya ubao likaja zulia la herufi.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Wale sita wote walivuka. Shule ikabaki, watu wakakaanga kambare uwanjani, na Marquis akabebwa mabegani. Mama Rosetta alikuja na bakuli lake la saladi ya viazi kama kila mtu, akaenda kwanza chumba namba saba, akaketi kwenye zulia na sahani mbili. Ladaria alikuwa amekosa kwa swali moja tu.

"Loo," alisema Dk. Sistrunk, ameishika kadi. "Kumbe huyu angekuwa wa njano." Akaitia kwenye droo pamoja na nyingine.

Mwezi wa nane shule ilifunguliwa. Saa mbili na robo Bi Verlene alifungua kabati, akatoa penseli sita, saa na kopo la pipi. Nyuma ya kopo kitabu cha bata kilikuwa palepale, pembe ya ukurasa imekunjwa. Alikishika kidogo. Wale sita wapya wa njano walikuwa wameshaketi kwenye zulia, wanamngoja, na kule dawati la nyuma mvulana mmoja mgeni alikuwa akiinama kutafuta soli za viatu vyake.

Chini ya zulia mtu akabisha hodi, polepole, mara tatu.

"Bi Verlene? Nani kamfungulia bata mlango?"

Watoto sita wakamtazama. Bi Verlene akakirudisha kitabu kabatini na kuiwasha saa.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Nikimaliza na hawa."

"Ndiyo, bibi," ikajibu sakafu, na nyuma yake, sauti nyingi za watoto, kwa pamoja, "Ndiyo, bibi."