Ufunguo Uliobaki Kwenye Mashine

Enzi zake za kiwandani, mwanamke huyu, mwalimu wa kukereza vyuma, hakuwahi kuiogopa mashine. Leo aliiogopa, mbele ya wanafunzi kumi na wanne na mkaguzi aliyeketi kwenye kona ya karakana, faili magotini. Mkaguzi akisema hafai, ajira imeota mbawa.

Miaka yote saba aliyofundisha chuoni, mashine ilikuwa mbovu, naye alifundisha kwa chaki. Aliichora ubaoni mpaka wanafunzi wakamtania kwamba iko siku mchoro utawaka wenyewe. Mafunzo ya kujinoa? Aliomba mara tatu. Wakaenda wakubwa, wakarudi na mikoba mipya. Juzi fundi aliitengeneza mashine, leo mwalimu anakaguliwa. Mambo haya ukiyasimulia, watu hudhani unatunga.

"Tuonyeshe, Mwalimu," alisema mkaguzi.

"Sawa, mzee." Akajikaza kisabuni. Alikibana kipande cha chuma kwa ufunguo mzito wa kukazia meno ya mashine, akakagua kisu, akavaa miwani. Wanafunzi walisogea. Binti mmoja aliinama aone vizuri. Mwalimu akawasha.

Alikuwa ameusahau ufunguo palepale kwenye mashine, kwenye kichwa kinachozunguka.

Ulifyatuka, ukampita yule binti sikioni, ukatoboa kabati la bati nyuma yake. Mwalimu alizima, akamkimbilia binti.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, Mwalimu." Binti alikuwa akijipapasa sikio, haamini kwamba bado lipo.

Mkaguzi alikuwa ameinuka, faili wazi mkononi. Mwalimu alipomsogelea aliiona fomu: penye usalama kazini, alama ya vema ilishawekwa kabla mashine haijawashwa.

"Niliuona ule ufunguo umebaki pale kabla hujawasha," mkaguzi alinong'ona. "Wala haukunishtua. Tuseme ni ajali tu, dada. Yaishe hapahapa."

Hapo ndipo woga ulipomshika hasa. Wiki ijayo vijana hawa wangeingia viwandani, na sahihi ya kwamba wanajua kazi ni yake. Wangesimama kwenye mashine zinazozunguka kweli, na elimu yao ni ya chaki.

"Futa hiyo alama," alisema. "Andika kwamba sijui, na vijana hawa wasitoke chuoni mpaka aje anayejua."

"Na kazi yako je?"

Alitamani kulia. Hakuwa na kazi nyingine.

"Andika, mzee," alisema, akasimama hapo mpaka kalamu ilipoanza kutembea.