Mzizi Wenye Harufu ya Farasi

Majira ya baridi ya mwaka 1999 ndipo Dativa alipoanza kumwogopa mumewe.

Si kwamba Felician alikuwa mkorofi. Alikuwa mhandisi mpole, mtu wa Bukoba kama yeye, na katika ghorofa walimoishi ughaibuni, mtaa wa Cedar-Riverside, majirani walimjua kwa kicheko chake kwenye lifti. Kilichomtisha Dativa ni mwili wake. Suruali zilimpwaya. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, na bado alizidi kukonda. Theluji imejaa nje, yeye anafungua dirisha akilalamikia joto, na asubuhi fulana yake imelowa jasho chapachapa.

Dativa alikwisha kusikia habari kama hizi. Kaka yake Zachariah alianza hivyohivyo. Mwaka uliotangulia Felician alikwenda Bukoba kumuuguza shemeji yake huyo hadi akazikwa, akakaa huko miezi. Alikaa na nani? Swali hilo Dativa hakuthubutu kumuuliza. Jina la ugonjwa wenyewe hakulitamka hata moyoni.

Akaanza kutenga vitu kimyakimya. Mswaki wake akauhamishia chumbani. Kikombe cha Felician akawa anakiosha peke yake kwa maji ya moto, ingawa alikuwa mfamasia na alijua fika kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe. Jumamosi moja binti yao Doris alinyanyua chai ya baba yake anywe funda moja, Dativa akampokonya kwa nguvu hata chai ikamwagika mezani.

“Mommy, what?” mtoto akashangaa.

Felician alichukua kitambaa akafuta meza, vidole vikimtetemeka.

Siku hiyo walialikwa kwa rafiki yao Godlisten, huko Burnsville. Wakati wa kurudi, kwenye barabara kuu ya I-35, Felician aliacha kuongea ghafla. Dativa alipogeuka aliona macho yamemtoka, na mshipa wa shingo unaruka.

“Mama Doris, moyo wangu,” akasema. “Unataka kutoka.”

Felician, aliyekuwa akiendesha, alilisogeza gari pembeni, malori yakiwapita kwa ngurumo. Dativa akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikwenda mbio hata hayahesabiki. Nyuma Doris alikuwa analia. Dativa akazunguka, akamsukuma mumewe kiti cha pili, akaendesha hadi hospitali huku akiomba kwa Kihaya, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu utoto.

Daktari aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote.

“Hapana,” Felician akajibu. Kisha akamwangalia mkewe kwa aibu. “Kuna unga tu.”

Mhindi mmoja kazini kwake, aliposikia kwamba mwenzake hapati usingizi, alimletea kopo la unga wa mzizi wa ashwagandha. Unanuka kama farasi, na ndiyo maana ya jina lake. Kwao bibi zao huukoroga kwenye maziwa ya moto kwa wanyonge na wasiolala. Mwanzoni Felician alilala vizuri. Basi akazidisha vijiko, na kopo akaliweka ofisini.

“Kwa nini hukuniambia? Mimi si mfamasia?”

“Ndiyo sababu sikukuambia.”

Damu ilipopimwa, homoni za tezi ya shingo zilikutwa ziko juu mno, na hizo zikizidi hukondesha mtu, humtoa jasho na kuukimbiza moyo. Daktari akaomba ruhusa ya kufanya kipimo kingine pia. Hakuna aliyeuliza ni kipi. Majibu yake yangechelewa.

Dativa akaenda maktaba ya chuo kikuu. Alisoma kwamba waganga wa India wameutumia mzizi huo kwa karne nyingi, kutia nguvu na kuleta usingizi. Watafiti waliwaogelesha panya kwenye maji, na waliopewa mzizi wakachelewa kuchoka. Lakini wengine, juzijuzi tu, waliwapa panya mzizi huohuo wakaona homoni za tezi zinapanda. Kuhusu binadamu hakukuta mengi. Alimpelekea daktari nakala.

“Huenda tezi ilikwisha kuharibika, unga ukaichochea,” daktari akasema. “Siwezi kuapa. Auache kabisa.”

Felician akauacha, mapigo yakaanza kutulia. Hofu ya Dativa haikutulia. Nani alisema mtu huugua ugonjwa mmoja tu?

Siku ya majibu, wakiwa wamekaa wakisubiri kuitwa, Felician aliinama karibu yake.

“Najua unachokiogopa. Hata mimi nakiogopa. Nilimwosha Zachariah vidonda vyake nikiwa na jeraha kidoleni. Tangu hapo usingizi ukanihama. Unga ule niliutafuta kwa sababu hiyo.”

Dativa alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Miezi yote hiyo alikuwa akimshuku kwa wanawake.

Waliitwa. Daktari alisema maneno machache: hana virusi. Felician alifunika uso kwa viganja, akalia.

Walipofika koridoni Felician akauliza, “Majibu yangekuwa mengine, ungebaki?”

Dativa alitaka kusema ndiyo upesi, ulimi ukagoma.

“Ningetetemeka kila siku,” akasema mwishowe. “Lakini ningebaki.”

Felician alimtazama usoni. “Basi leo usikioshe kikombe changu peke yake,” akasema.