Jina Lisiloingia Kamusini

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Mensa, kwa kuwa kila mwaka somo lake la kwanza la Kilatini lilianza na neno hilo: mensa, yaani meza. Shule ilipolifuta somo lenyewe alistaafu, akabaki na vitabu vyake na mkewe, fundi cherehani.

Siku moja mwanafunzi wake wa zamani, sasa mhariri mkuu wa kamusi, alimfuata nyumbani kumwomba atafute asili ya maneno. Kazi ilimchukua miaka tisa. Mkewe alimkatia kadi kutoka kwenye maboksi ya vitambaa, naye akaandika safari ya kila neno. Meza tuliipata kwa Wareno, nao waliirithi kutoka Kilatini. Kasri tuliipata kwa Waarabu, nao waliitoa kwenye castrum, ngome ya askari wa Kirumi.

Kamusi ilipotoka, mkewe ndiye aliyeipokea. Alifuta mikono, akafungua ukurasa wa shukrani, akausoma kwa kidole mara mbili.

"Hata mpika chai yumo," alisema. "Wewe humo."

Kesho yake Mwalimu alikwenda ofisini. Mhariri alimvutia kiti, lakini macho aliyaelekeza dirishani.

"Mwalimu wangu, maneno ni mali ya wote. Hao Wareno waliwahi kuwashukuru Warumi?"

"Wareno hawakupofuka macho kwa ajili yako, mwanangu."

"Basi, toleo la pili tutaangalia."

Toleo la pili likaja. Tarishi alimletea kurasa azikague, na jina lake bado halikuwemo. Kwenye neno kasri, mtu asiyejua kitu alikuwa ameandika: asili, Kireno. Mwalimu alishika kalamu nyekundu. Huyu ni mtu aliyekuwa akisahihisha hata kadi za mwaliko wa harusi. Aliitazama ile sentensi mpaka chai ikapoa, kisha akaifunga kalamu.

"Hakuna kosa," alimwambia tarishi.

Mkewe alimwuliza kama amemaliza. Akajibu ndiyo, akaenda kunawa mikono, akakawia huko.

Kamusi hiyo sasa iko mashuleni. Mhariri halali njaa wala hakosi usingizi, maana hajui lolote. Anayejua ni mzee mmoja tu, ambaye akisikia watoto wakisoma kwa sauti darasani hukata kona, akapita njia nyingine.